Siku Moja Iliyopungua Katika Eda ya Bi Zuhura

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kuamini kwamba siku huanza saa sita za usiku. Ndivyo mtandao wote unavyoamini, na mwaka ule mimi nilikuwa nikiuamini mtandao kuliko macho yangu. Nilizaliwa Unguja, mjini. Kabla sijajua kusoma nilijua kwamba jua likizama siku mpya imeingia, kwamba Ramadhani huanza jioni na si asubuhi, kwamba usiku hutangulia mchana wake. Hakuna aliyenifundisha, ni kitu nilichokikuta nyumbani, kama mtungi na kata yake. Lakini nilipokaa kitako kuandika programu ya kuhesabu siku za mwezi wa Kiislamu, sikukikumbuka hata chembe. Nilichukua siku ya mtandao, ile inayogeuka watu wamelala, nikajenga juu yake kwa uangalifu mkubwa, nikapima kila pembe isipokuwa msingi.

Nayaandika haya kwa sababu Bi Zuhura amefariki, mfungo mosi uliopita, mwezi unaofuata Ramadhani, na kwenye hitima yake nilikutana tena na bintiye Asya, ambaye sikumwona tangu aolewe Maskati. Tulizungumza robo saa tu, tumesimama ukumbini, watu wakipita na masinia. Nilirudi nyumbani nikashindwa kufanya kazi siku tatu. Nina miaka thelathini. Najua si umri wa mtu kukaa na kuandika kumbukumbu zake. Lakini mwaka ule nilipokuwa na ishirini na miwili umenikaa kifuani, na kila nikijaribu kuusahau huona nimeukumbuka vizuri zaidi.

Mwaka ule nilikuwa nikishinda Mlandege, kwenye chumba cha Kaka Hamad, juu ya duka la vitambaa. Kaka Hamad alikuwa fundi wa kompyuta, kanizidi kama miaka kumi na mitano, mtu wa kanzu ya kahawia na kofia iliyokaa upande. Chumba kilikuwa na meza mbili, pangaboi lililokuwa likilia kila likizunguka, rafu za mashine zilizofunguliwa matumbo, na dirisha moja ambalo hatukulifunga kwa sababu ya joto. Harufu ilikuwa ya risasi ya kuchomelea na ya vitambaa vipya vilivyotoka kufunguliwa chini. Sauti ya muuza vitambaa ilikuwa ikipanda mchana kutwa: "Karibu mama, hiyo haichuji! Kaioshe miaka mitatu, ikichuja niletee mie niivae!" Saa nne tulikunywa chai ya tangawizi na mkate wa ufuta, adhuhuri tulikula chochote alicholeta mke wa Kaka Hamad, na alasiri, kama kazi imekwenda, tulishuka kunywa urojo tumesimama. Mimi sikulipwa mshahara. Nilipewa meza, umeme na intaneti, na kwangu hiyo ilikuwa pepo.

Kaka Hamad alikuwa mtu wa zamani katika kazi hii. Alikuwa ameandika programu ya maduka, ya kujua bidhaa gani imebaki na ipi imekwisha, akaiweka kwenye kompyuta za maduka sita au saba ya Mlandege na Darajani. Aliipeleka kwa mkono, kwanza kwenye sidii, baadaye kwenye flashi. Ikiharibika alipanda baiskeli akaenda. "Mimi programu yangu ikifa," alikuwa akisema, "nnajua imefia duka gani, na nnajua nani atanitukana." Mimi nilikuwa nikicheka. Nilimwona kama mtu anayeuza maji kwa madumu wakati mifereji imeshafika.

Maana mimi nilijifunza kwenye mtandao wenyewe. Sikusoma chuo. Nilianza na simu, kisha laptopu iliyong'oka herufi mbili, na nilichogundua peke yangu ni kwamba ukurasa wowote ukiufungua kwenye kivinjari unaweza kuuangalia ndani, ukaona mwenzako kauandika vipi. Nilikaa miezi nikichungulia ndani ya kurasa za watu kama mtu anayepita mtaani akitazama madirisha. Kisha nikajua ghala. Sisi tuliita hivyo, ghala: mahali pa wazi mtandaoni ambapo waandishi wa programu wa dunia nzima huweka vipande vya kazi zao, na anayekihitaji kipande hukichukua bila kuomba, akakichomeka kwenye kazi yake. Huyu kaandika kipande cha kalenda, yule cha ramani, mwengine cha kupanga majina. Mtandao uliokuwa wa kusoma habari na kutazama picha ulikuwa umekuwa karakana moja, na sote tulikuwa tukifanya kazi humo, na zana za mmoja zilikuwa zana za wote. Sijui kama nitaweza kueleza ilivyokuwa kwa kijana mwenye wasiwasi kama mimi, asiyethubutu kuuliza swali mbele ya watu wanne, kuingia mahali ambapo hapana anayekuuliza umesoma wapi.

Nikaandika kipande changu. Kilikuwa kidogo: ukikipa tarehe ya kawaida kinakupa ya Kiislamu, na ukikiambia uongeze miezi kadhaa na siku kadhaa kinakwambia utaangukia lini. Nilikitengeneza kwa wiki kumi. Nilibadilisha majina ya vitu ndani yake mara zisizohesabika, nilifuta nafasi ambazo hakuna atakayeziona, nilikwenda kulala nikaamka kuhamisha mstari mmoja. Kisha nikakiweka ghalani. Siku ya tatu mtu nisiyemjua, anayejiita kwa jina la ndege, akaniandikia kwamba kuna mahali nimehesabu vibaya mwaka mrefu, ule unaozidi siku moja, akanirekebishia mwenyewe, akaniachia neno moja la shukrani. Nilimwonesha Kaka Hamad kama mtu anayeonesha cheti.

"Huyu ndugu yako yuko wapi?" akaniuliza.

"Sijui."

"Jina lake?"

"Ndiyo hilo, la ndege."

"Yakhe," akasema, na bisibisi mdomoni, "we unakula kwa mtu usomjua, na unampikia mtu usomjua. Siku mtu akiumwa na tumbo mtamuuliza nani?"

Nikacheka. Watu walikuwa wakikichukua kipande changu. Ghala lilikuwa na kijinamba cha kuonesha mara ngapi kimechukuliwa, nami nilikitazama kile kijinamba kabla sijapiga mswaki.

Nyumba ya Bi Zuhura ilikuwa Mji Mkongwe, mwendo wa dakika chache kutoka kwetu, na tuliijua kwa sababu Kaka Hamad alikuwa rafiki wa mumewe, Mzee Haji, seremala mstaafu. Mzee Haji alikufa ghafla, barazani kwake. Bi Zuhura na Asya walikuwa Chwaka, kwenye harusi ya jamaa. Walipigiwa simu, walipofika wakamkuta ameshafunikwa. Mimi usiku ule nilikuwa kwetu, sikujua kitu. Nilipata habari asubuhi, nikawahi kuzika. Kila niliyemuuliza alinijibu, "Jana." Alifariki jana. Nikaiandika kichwani tarehe ya jana, na sikuuliza zaidi.

Kizuka, mjane aliye ndani ya eda ya kumkalia mumewe, hakai na wanaume wasio maharimu wake, yaani wasio jamaa zake wa karibu, kwa hiyo miezi ile yote sikumwona Bi Zuhura, nilimsikia. Kaka Hamad alikuwa akinituma kupeleka hiki na kile, samaki, dawa ya presha, na mimi nilikaa kwenye kigoda ukumbini, mbele ya pazia la kijani, na sauti yake ikaja kutoka nyuma ya pazia. Asya alinipa chai na mkate wa kumimina. Kutoka pale nilikuwa nikisikia nyumba nzima: mwiko ukigonga sufuria, maji yakimwagwa uani, wanawake waliokuja kumliwaza wakibishana bei ya ubuyu kisha wakikumbuka walichokuja kufanya na kunyamaza. Siku moja, wageni wamekwisha kuondoka, Bi Zuhura akasema, bila mimi kumuuliza, "Mwanangu Nassor, miaka thelathini na minne nimekaa na mtu yule. Siku ya kufa kwake mimi nlikuwa nnapaka hina kwenye harusi. Sikumfumba macho. Sikumtia maji mdomoni." Akaendelea: "Sasa mie kilichobaki changu ni hii eda. Hii nataka niitimize, isipungue hata saa."

Asya akasema, "Mama, Nassor ana kitu chake kinahesabu. Miezi minne na siku kumi kinakwambia papo hapo."

"Kinajua mwezi?"

"Kinajua, Bi Zuhura," nikajibu mimi. Nikasema hivyo hivyo. Kinajua.

Wiki ile nikatengeneza ukurasa. Unaweka siku ya kifo, unabonyeza, unapata siku ya mwisho ya eda. Niliupaka rangi ya kijani kibichi, nikachagua herufi za staha. Nikauunganisha na kipande changu cha ghalani, na kwa kuwa kazi nzuri huwa na mfano wa kujipimia, nikachukua tarehe ya kifo cha Mzee Haji nikaiweka ndani ya kipande chenyewe kuwa mfano: ukiingiza siku hii, jibu sahihi ni hili. Sikumwomba mtu ruhusa. Nilidhani namtukuza.

Wifi wa Bi Zuhura, Bi Mwajuma, dada wa marehemu, alikuwa na hesabu yake. Alikuwa na kopo la maziwa ya unga, na kila magharibi ikiadhiniwa alitia kokwa moja ya tende. Miandamo ya mwezi ilipotimia minne, Maalim wa msikitini alimwambia kokwa zake zifike ngapi ndipo eda iwe imekwisha. Bi Mwajuma alikuwa mwembamba, mkali, na sauti ya kufukuzia kuku, na yeye na Bi Zuhura walikuwa wakitaniana tangu ujana wao.

Jumamosi moja alasiri nilikuwa kwenye kigoda changu. Nyumba ilinukia samli na hiliki, kwa sababu ukurasa wangu ulisema leo ndiyo mwisho, na wanawake walikuwa wakipika kwa ajili ya dua ya kesho asubuhi. Bi Mwajuma akatoka uani na kopo lake.

"Haijatimia," akasema. "Nimehesabu mara mbili. Pana pengo la kokwa moja. Mwisho kesho magharibi, si leo."

"Umekula," Bi Zuhura akamjibu nyuma ya pazia.

"Nile kokwa? Nna meno hayo?"

Wanawake wakacheka. Asya akasema, "Shangazi, utakuwa umesahau siku moja. Siku ile ulokuwa na homa."

"Siku ya homa ndo nlotia mwanzo kabla sijalala. Msinifanye mtoto. Kokwa ya kwanza nliitia usiku ule ule, nshalia nkachoka, maiti iko mle ndani. Usiku ule ule!"

Nilimsikia. Hili ndilo ninaloona aibu kulisema: nilimsikia vizuri, alitaja usiku mara mbili, na halikunigusa. Nilitoa simu nikafungua ukurasa wangu, nikamwonesha. Nikaingiza tarehe mbele yake, nikabonyeza, Jumamosi ikatokea na kijani chake. "Bi Mwajuma," nikasema, kwa adabu yote, "mtu anaweza kusahau siku moja katika miezi minne, hapana ubaya. Hichi hakisahau. Wanakitumia watu mpaka nchi za mbali."

Akaitazama simu, akanitazama mimi. "Nchi za mbali wamemzika kaka yangu?"

Wakacheka tena, lakini ilikuwa imekwisha. Nyuma ya pazia Bi Zuhura akasema, "Basi, wifi yangu. Kama Nassor kasema." Bi Mwajuma akalifunika kopo lake akarudi uani.

Jumapili asubuhi Bi Zuhura akatoka eda. Wanawake walimsomea dua, wakala, na yeye akavaa kanga za rangi kwa mara ya kwanza, akafukizwa udi, akaondoka na Asya kwenda Chwaka kwa dada yake, kupunga upepo kidogo. Mimi nikaenda Mlandege, ingawa ilikuwa Jumapili, kwa sababu ile kokwa ilikuwa ikinikereketa. Sikuwa na shaka na kazi yangu. Nilitaka tu kujua Bi Mwajuma alikosea wapi. Ndivyo nilivyo. Kaka Hamad alikuwa amekuja kuchukua waya, na tulikaa tukila maembe mabichi kwa chumvi na pilipili, akawa anamkumbuka Mzee Haji.

"Mi siwezi kusahau," akasema. "Tumetoka kuswali magharibi, nakitafuta kiatu changu kimoja, nasikia mtu anapiga kelele kutoka kwa Haji. Nlikwenda na kiatu kimoja, wallahi. Nakwambia hata isha bado."

Nakumbuka embe lilikuwa mkononi. Nilimuuliza pole pole, "Magharibi ilikuwa imeshaswaliwa?"

"Nshakwambia tumetoka msikitini."

Nikaliweka embe chini. Magharibi ilikuwa imeshaingia. Siku ilikuwa imeshageuka. Mzee Haji hakufa siku ile ambayo ukurasa wangu ulikuwa ukiihesabu. Alikufa siku iliyofuata, ambayo kwa mtandao ilikuwa bado haijafika. Bi Mwajuma na kopo lake hawakukosea hata kokwa moja. Eda ilikuwa inaisha leo jua likizama. Na saa ilikuwa tisa na nusu za mchana, na Bi Zuhura alikuwa Chwaka, amevaa rangi, ananukia udi.

Bado palikuwa na muda. Hili nalo nataka lieleweke, sitaki kujificha. Palikuwa na saa tatu nzima. Nilikuwa na namba ya Asya. Ningempigia, angemwambia mama yake, na Bi Zuhura angejitanda shuka nyeupe akaingia ndani kwa dada yake akazikaa saa zake zilizobaki kwa nia. Hakuna mtu angemlaumu. Nilipiga mara moja. Simu ikasema haipatikani, na mimi, Mungu anisamehe, nikashusha pumzi kama mtu aliyeokolewa. Sikupiga tena. Nilijiambia nitapiga nikishajua kwa yakini. Nikafungua laptopu. Nikakirekebisha kipande. Kazi yenyewe haikuchukua hata nusu saa: niliongeza swali moja, kifo kilitokea kabla ya magharibi au baada yake, na mistari mitatu ya kulifuata jibu. Kisha nikakaa kuinyoosha ile mistari mitatu. Nikabadilisha jina la kitu. Nikalirudisha. Kaka Hamad akanishika bega akaniuliza kama naumwa, nikasema hapana. Nikakirusha ghalani kimenyooka kabisa, na nikawa bado nakitazama wakati msikiti wa Mlandege ulipoadhini. Nikasikiliza adhana mpaka mwisho, na simu iko mezani, umbali wa mkono.

Nilimwambia Bi Zuhura Jumatano, wamekwisha kurudi mjini. Siku tatu nilikuwa nikipanga maneno. Sasa hapakuwa na pazia. Alikuwa ametoka eda, na alikaa mbele yangu kwenye kiti, mwanamke mfupi, mweupe wa nywele, ambaye miezi minne nilikuwa nikimjua kwa sauti tu. Alinipa mkate wa kumimina kwa mkono wake. Nikamweleza. Nilianza na mtandao, siku zinavyogeuka huko, jinsi programu inavyohesabu, nikajisikia naeleza sana, nikanyamaza.

"Nimetoka kabla ya siku," akasema.

"Naam."

"Siku moja."

"Naam, Bi Zuhura."

Akageuza kichwa akatazama uani. "Mwajuma alisema." Kisha akaniuliza, "Na wewe ulijua lini?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila swali isipokuwa hilo. "Jumapili. Alasiri. Ulipokuwa Chwaka."

"Jua halijatua."

"Halijatua."

Asya alikuwa amesimama mlangoni na birika. Hakunitazama tena siku ile. Bi Zuhura aliukunja upindo wa kanga yake, akaukunjua, akaukunja tena. "Nifanye nini sasa," akasema, si kwangu hasa. "Siku yenyewe ishapita. Ingekuwa saumu ningeilipa." Walikwenda kumuuliza Maalim, na Maalim alisema asiyejua hana dhambi, eda imekwisha kwa kupita muda wake, astaghfiru tu. Lakini mimi najua hakuwa akiogopa dhambi. Alikuwa akimpa mumewe kitu kizima, na mimi nilikimega.

Nilimwomba radhi. Akasema, "Nshasikia." Akaniuliza, "Na hichi kitu chako si ulisema wanakichukua watu? Hao nao umewaambia?"

Nikasema nimeshakirekebisha. Nilidhani hilo ni jibu. Nilipofika Mlandege nikaanza kutafuta, na hapo ndipo nilipouelewa mtandao niliokuwa nikijisifia. Kipande changu kipya kilikuwa ghalani, lakini hakuna anayelazimishwa kuchukua kipya. Waliochukua cha zamani walikuwa nacho, kimeshachomekwa ndani ya kazi zao, na kazi zao zimechomekwa ndani ya za wengine. Nilikuta ukurasa wa eda wa mtu wa pwani ya Kenya, mwengine wa Ngazija kwa Kifaransa, mwengine sikujua hata lugha yake. Niliwaandikia wote niliowapata. Mmoja alijibu kwamba ataangalia akipata nafasi. Mmoja alisema kazi ile aliiacha zamani, hana tena ufunguo wa kuingilia. Wengine kimya. Yule mwenye jina la ndege, aliyenirekebishia mwaka mrefu, alinijibu siku hiyo hiyo, akanisaidia kuandika onyo, akasema pole. Sikumwambia kisa chenyewe. Ningemwelezaje eda?

Miezi iliyobaki ya mwaka ule nilikuwa nikifungua kurasa zile za watu kila asubuhi. Nilikuwa naingiza tarehe ya Mzee Haji, nabonyeza, naona Jumamosi. Katika kila nakala ya zamani ile tarehe yake imo ndani, mfano nilioweka mwenyewe, na pembeni pameandikwa kwa mkono wangu kwamba hilo ndilo jibu sahihi. Nilimwonesha Kaka Hamad. Nilitarajia atanicheka, nilitaka anicheke. Akatazama, akavua kofia akajikuna, akasema, "Huku huendi kwa baiskeli, Nassor." Akaniagizia chai. Nilikuwa nikiwafikiria vizuka nisiowajua, mmoja Mombasa, mmoja Ngazija, amekaa nyuma ya pazia lake, na mtoto wake wa kike anamwambia mama, pana kitu hapa kinahesabu. Hakuna mlango ningeweza kuupiga hodi.

Bi Zuhura aliendelea kuniletea mkate wa kumimina kila Ramadhani, miaka yote, mpaka alipougua akalala kitandani. Sikujua kama ni msamaha au ni ada. Sikuwahi kumuuliza. Na hitimani, ukumbini, nilipomwambia Asya kwamba nilitaka sana kumwomba mama yake radhi mara ya pili na sikuthubutu, alinitazama kwa mara ya kwanza kama zamani, bila hasira.

"We hujui," akasema. "Mama kila mwaka alikuwa akikaa ndani siku moja. Anavaa nyeupe, hatoki, hapokei simu, tangu magharibi mpaka magharibi. Nikamwambia, mama, Maalim kasema huna deni. Akanambia, 'Najua sina. Nimempa tu baba yako.'"

"Kila mwaka?"

"Mpaka mwaka jana."

Mtu akatuita tuingie dua. Sikusikia hata neno moja la dua ile.

Kazi hii naifanya bado, na nadhani nitaifanya mpaka nife, kwa sababu sijui nyengine. Sina tena chumba cha Mlandege. Tuko wanne sasa, kwenye nyumba moja, na chochote ninachoandika husomwa kwanza na mwenzangu mmoja na mtu mmoja ambaye si wa kazi yetu. Ukurasa wa eda niliufuta, na mahali pake pana maneno mawili matatu ya kumwambia aliyefiwa aende kwa watu waliokuwapo. Nikigundua nimekosea, kwanza nampigia simu niliyemkosea, hata kama haipatikani napiga tena, na laptopu naifungua baadaye. Nakala za zamani zile bado ziko kule, na moja yao nimeifungua asubuhi hii. Bado inasema Jumamosi.